Waya wa Kushushia Radi

Didas angefunga mdomo wake kama alivyoifunga ile antena, pengine yote haya yasingetokea. Lakini huyo ni fundi wa Mafinga, amezoea kelele za misumeno ya mbao, na ukimpandisha juu ya mlingoti anadhani dunia nzima ni kiziwi.

Ilikuwa Jumamosi, siku ya soko la vyungu, na ufukwe wa Matema ulikuwa umejaa watu. Wanawake wa Kikisi walikuwa wamepanga vyungu mchangani, na wachuuzi kutoka Kyela na Tukuyu walikuwa wanavigongagonga kwa vidole kusikiliza kama vina ufa. Mashua ya Andendekisye, iliyoitwa Ndaga, yaani asante kwa Kinyakyusa, ilikuwa imefungwa kwenye maji ya kiunoni. Andendekisye na mabaharia wake wawili walikuwa wamemvuta Didas kwa kamba ya tanga mpaka kileleni, akawa ananing'inia huko na spana yake kama tunda.

Evarista, mke wa Andendekisye, alikuwa amesimama majini, khanga ameikunja juu ya magoti, ameshika nyaya. Yeye ni Mhehe wa Kilolo, na Didas ni mtoto wa shangazi yake. Hata ule mlingoti ulikuwa paini ya Sao Hill, zawadi ya kaka zake, na watu wa Matema walimtania miaka yote kwamba kwao Wahehe mahari inarudishwa kwa miti. Alikuwa anacheka nao. Utani ni utani.

Na hiyo antena haikuwa ya kusikilizia muziki. Ikupa, binti yao, ameolewa Ilondo, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, ambako barabara haijafika na simu hazishiki. Mwaka jana uchungu ulimshikia huko, mashua ya baba yake imelala hapa haina habari. Mpaka apatikane mtu wa kupiga kasia kuja kuwaita, mtoto alikuwa amekwisha kufia tumboni. Sasa Ikupa ana mimba nyingine, kubwa, na Evarista ameapa kwamba safari hii atasikia. Didas, ambaye kazi yake ni kutengeneza redio za malori ya mbao, alileta redio mbili zilizotumika. Moja ameshaifunga kwenye zahanati ya Ilondo. Ya pili ndiyo hii, na antena yake lazima ikae juu kabisa, kwa sababu kati ya Matema na Ilondo kuna pua ya mlima, na sauti ya redio haijui kupinda kona.

Kulikuwa na nyaya mbili. Mmoja ni wa redio, unatoka kwenye antena mpaka kwenye mashine. Wa pili ni wa usalama: radi ikipiga mlingoti, ishuke ndani ya waya huo, iishie ziwani, iwaache watu salama. Zote mbili zilizungushiwa tepu nyeusi, maana Didas hakuwa na tepu nyingine.

"Dada Evarista!" Didas alipiga kelele kutoka juu. "Huo wa kushushia radi unao?"

"Upi?"

"Wa kushushia radi!"

"Ninao!" Evarista naye akapaza sauti, asije akaonekana hajui kazi. "Wa kushushia radi ninao hapa! Niushushe sasa?"

"Ushushe!"

Akauzamisha majini. Alipoinua macho aliona ufukwe mzima umenyamaza. Hakuna aliyekuwa anagonga chungu.

Sasa wewe niambie, kwa lugha yetu hii, fundi angesema nini kingine? Waya unashusha radi, basi ni wa kushushia radi. Lakini hapa kwetu kushusha radi ni kazi yenye watu wake, na watu hao hawatajwi majina hata mchana.

"Mwe bandu, enyi watu," alisema Esnath taratibu. "Mmesikia wenyewe?"

Esnath ni mchuuzi mkubwa wa vyungu, jirani wa Evarista, ukuta kwa ukuta. Siku mbili kabla walikuwa wamegombana kwa ajili ya vyungu vyake vilivyovunjika ndani ya mashua, na Evarista kwa hasira alikuwa amemwambia mbele za watu, "Esnath, utanitambua!" Ni maneno tu. Kila mtu huyasema akikasirika, kisha jioni anaomba chumvi.

*

Mvua za Kyela hazina adabu. Siku chache baadaye ilinyesha mchana kweupe, ikapiga radi moja iliyotikisa mabati, na iliponyamaza ng'ombe wa Esnath alikuwa amelala chini ya migomba, miguu juu. Ng'ombe wa maziwa, wa pekee, aliyesomesha watoto.

Esnath hakupiga kelele. Alikaa chini karibu na kichwa cha ng'ombe, akamshika sikio kama anamwamsha. Evarista alikimbia kumpa pole, kama jirani yeyote. Alipofika kwenye uzio, Esnath aliinua mkono.

"Usije. Nimeshakutambua."

Basi likaanza. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja, ndivyo walivyosema kisimani, na wakasogeza ndoo zao pembeni alipofika. Kwenye mashine ya kusaga alipewa nafasi ya kwanza, na hiyo ilimuuma kuliko angewekwa mwisho, kwa sababu aliona waliompisha walivyorudi nyuma. Kanisani, kwenye benchi la kwaya ya akina mama, alikaa mwenyewe na nafasi ya watu watatu kila upande. Hakuna aliyemtania tena kuhusu miti. Mtu akiacha kukutania, jua amekutoa katika hesabu ya watu.

Wanawake wa vyungu waliacha kupakia mizigo Ndaga. Mabaharia wawili wakaja kuaga, mmoja akisingizia mgongo, mwingine msiba wa huko Busale ambao haukuwepo. Andendekisye akawa anashinda ndani ya mashua peke yake, anakwangua chombo ambacho hakikuwa na uchafu.

Na jioni moja Saulo, mkulima wa kakao, mzee wa heshima zake, alipitia nyuma ya jiko na jogoo chini ya koti.

"Ugonile, Mama Ikupa."

"Ndaga. Karibu ndani, Baba. Mbona unapitia huku?"

"Hapa hapa panatosha." Akatazama huku na huku. "Unamfahamu kaka yangu. Ameusogeza mpaka wa shamba mpaka kwenye mikakao yangu. Sasa nikasema, kwa vile wewe una ule... ule mtambo."

"Mtambo gani, Baba?"

"Sitaki afe," Saulo alisema haraka. "Mungu anisamehe. Imguse tu. Hata ndogo."

Evarista alimtazama, akamtazama jogoo. Alitaka kucheka, kicheko kikagoma, akajikuta analia. Saulo akaogopa machozi yale, akamwachia jogoo pale pale, akatoweka kwenye migomba. Kesho yake Evarista alimrudisha jogoo, na walioona wakasema: tazama, amekataa, malipo ni madogo.

*

Lakini redio ilifanya kazi, jamani. Hilo ndilo lililompa usingizi. Kila jua likielekea kuzama alipanda Ndaga, akakaa chini ya mlingoti karibu na mumewe, akasubiri.

"Ndaga, Ndaga, hapa Ilondo," ilisema sauti ya nesi Juliana, yenye mikwaruzo kidogo.

"Ilondo, hapa Ndaga. Mmeshindaje?"

"Tumeshinda salama. Nampa mwenyewe."

Kisha Ikupa. "Mama! Huyu anapiga teke hata wakati wa sala. Tata yupo?"

"Nipo," Andendekisye aliinamia mashine kama anaiamkia. "Nipo, mwanangu."

"Nikikuita utakuja?"

"Kabla hujamaliza kuita."

Alisema hivyo. Maneno hayo tuyaweke, tutayarudia.

*

Mwenyekiti wa kitongoji, Ezron, aliitisha kikao nyumbani kwake. Alikuwa mtu wa maneno laini, na mtu wa maneno laini ukimwona ameandaa viti vingi, jihadhari. Evarista alipewa kigoda katikati. Mumewe alikaa na wanaume.

"Mama Ikupa, hapa hatumshitaki mtu," Ezron alianza. "Tunauliza tu ili tujue. Ule waya ni wa nini?"

"Ni wa usalama."

"Sawa. Jina lake?"

"Mwenyekiti, jina si kitu. Kazi yake ni kwamba radi ikija..."

"Kumbe inakuja," Esnath alisema.

"Ikija yenyewe!"

"Jina lake, Mama Ikupa," Ezron alirudia. "Tulikuwepo wote. Fundi aliuitaje?"

Evarista alitafuta neno lingine, akalitafuta kwa Kiswahili, akalitafuta hata kwa Kihehe, hakulipata. "Waya wa kushushia radi. Lakini maana yake..."

"Umesikika," alisema Ezron, na watu wakaguna. "Na wewe ulimwambia Esnath atakutambua. Ndiyo au siyo?"

"Ni hasira, Baba. Hata wewe mkeo umeshamwambia."

"Mke wangu hana waya."

Wakacheka. Kicheko hicho kilikuwa kibaya. Ezron akageukia upande wa wanaume. "Baba Ikupa, chombo ni chako. Unasemaje?"

Andendekisye alisimama. Alikuwa mtu mrefu, mwenye mikono ya kuvuta tanga, na Evarista alimtazama kwa matumaini yote. Akakohoa.

"Mimi najua upepo," alisema. "Mambo ya nyaya aliyaleta Mama Ikupa na ndugu yake."

Akakaa.

Uamuzi ulitoka: waya ushuke kabla ya Jumamosi ya soko linalofuata, la sivyo Ndaga itafute ufukwe mwingine. Evarista alisimama bila kuruhusiwa.

"Ikupa akishajifungua nitaung'oa kwa meno yangu. Kabla ya hapo, atakayeugusa anizike mimi kwanza."

Njiani wakirudi, mume alitangulia, mke nyuma. Walipofika karibu na kanisa alimwambia, "Umeniuza, Baba Ikupa."

"Nimesema kweli tupu."

"Kweli tupu ndiyo uliyoniuzia."

Akaongeza hatua. Usiku hakulala vizuri. Sasa naomba mmwelewe mtu huyu hata kama mnamchukia. Marehemu baba yake alipigwa radi akiwa amelala, na ukoo mzima ukaambiwa ni mkono wa mtu. Alikua na habari hiyo. Alimpenda mkewe, aliamini redio, na usiku alipokuwa anasikia ngurumo za mlimani alijiuliza kama mtu anaweza kumjua kweli mwanamke aliyemtoa mbali.

*

Baada ya kikao Ilondo ikanyamaza.

Evarista alikaa chini ya mlingoti, akabonyeza, akaita. Mashine ilikuwa inawaka taa yake, inavuma shwaa kama kawaida. Hakuna aliyeitika. Kesho yake vilevile. Akapanda kilima cha hospitali kutafuta mtandao, akampigia Didas.

"Ni mawingu, Dada," Didas alisema, na misumeno ilikuwa inalia nyuma yake. "Sola yao haichaji. Subirini jua, mtasikia tu."

Jua likatoka, jua kali la kukausha mpunga. Kimya.

"Baba Ikupa, tuipande mashua hivi hivi. Twende tukamchukue."

"Na mabaharia gani? Wawili hatuwezi tanga hili, na upepo wa pua ya mlima ukitushika tutazama." Alikuwa hamtazami. "Kesho nitaenda Kyela kutafuta watu."

Ndipo wasiwasi ukamshika Evarista. Alikumbuka kwamba amemwona Esnath akipita karibu na mashua, tena mara mbili. Alikumbuka macho yake kwenye kikao. Mtu uliyemuua ng'ombe wake, hata kama hukumuua, anakuacha hivi hivi? Usiku ule aliyapika moyoni, na asubuhi alishuka nayo ufukweni yakichemka.

Esnath alikuwa anasukuma mtumbwi majini, yeye na wapiga kasia wawili. Kwa kuwa hapandi tena Ndaga, alikuwa anaufuata mzigo wake Ilondo kwa kasia.

"Esnath! Umeifanya nini redio yangu?"

Esnath alisimama wima. "Mimi?"

"Nimekuona ukizunguka mashua. Umelipiza. Basi sikia, na hawa wote wasikie: mjukuu wangu akifa, ni wewe. Usije ukasema ni Mungu. Ni wewe!"

Watu walikuwa wamejaa. Esnath alimtazama, na kwa mara ya kwanza alionekana mzee.

"Kwanza ladi yako," alisema kwa lafudhi ya kwetu, "sasa na ledio yako." Akapanda mtumbwi, akawaambia wenzake wapige kasia.

*

Kesho yake, jua likiwa utosini, watoto walipiga kelele kwamba mtumbwi wa Esnath unarudi, tena unarudi mbio. Evarista alikuwa anaanika mpunga. Aliinuka bila kujua kwa nini.

Mtumbwi haukuwa na chungu hata kimoja. Ndani yake, juu ya majani ya migomba, alilala Ikupa, amejikunja, ameuma khanga. Nesi Juliana alikuwa amemshika kichwa. Esnath mwenyewe alikuwa anapiga kasia, na viganja vyake vilikuwa vinatoka damu.

"Msisimame kama miti!" alifoka. "Shikeni!"

Wakashika. Wanaume walewale wa kikao walimlaza kwenye machela, wakampandisha kilima cha hospitali wakikimbia. Evarista alikimbia pembeni, mkono wa mwanaye mkononi mwake, na Ikupa alipofungua macho alisema neno moja tu, si kwa hasira, kwa kushangaa.

"Tumewaita, Mama."

Mtoto alitoka jioni, wa kiume. Alichelewa kulia. Alichelewa mpaka Evarista akaanza kusali Salamu Maria aliyoiacha Kilolo alipoolewa kwa Walutheri. Kisha akalia.

Nje, kwenye ngazi, Esnath alikuwa amekaa na viganja vimefungwa vitambaa. Evarista alisimama mbele yake.

"Nesi aliita tangu juzi," Esnath alisema bila kumtazama. "Ndaga, Ndaga, Ndaga, mpaka sauti ikampotea. Nilipofika nikamkuta bado anaita. Nikajiuliza, watu hawa wana roho gani?"

"Esnath, jana nilisema..."

"Ulisema. Nenda kaangalie mashua yako kwanza, halafu uje useme vizuri."

Evarista alishuka ufukweni kabla giza halijaingia. Andendekisye alikuwa ameshatangulia. Alikuwa amepiga magoti chini ya mlingoti, amebandua ubao wa sakafu, na tepu nyeusi imebanduka mkononi mwake. Chini ya ubao, mahali ambapo mtu wa nje asingejua hata pa kuanzia, waya ulikuwa umekatwa kwa kisu, safi, halafu ukafungwa tepu juu ya jeraha ili usionekane.

Kikulacho ki nguoni mwako. Evarista alijua hata kabla hajauliza, kwa sababu aliujua mkato wa kisu kile, na alimjua mfungaji tepu kwa jinsi alivyofunga, kwa fundo la kamba ya tanga.

"Nilikata wa ladi," Andendekisye alisema. "Baada ya kikao. Nilimwambia Ezron kwa siri ili watuache, na wewe usijue. Nilitaka kumaliza maneno."

"Huu si wa radi."

"Kulikuwa na giza. Zote nyeusi."

"Na Ilondo waliponyamaza? Hukushuku?"

Ziwa lilikuwa linapiga ubavu wa mashua taratibu.

"Nilishuku," alisema.

Evarista hakumpiga wala hakulia. Alikaa kwenye ubao, mbali naye, na kitu walichokuwa wamekijenga tangu ujana wao kikawa kimekaa kati yao na tepu yake.

*

Jumamosi ufukwe ulijaa tena. Evarista alipanda Ndaga, akasimama chini ya mlingoti, akapaza sauti kama alivyopaza siku ile.

"Jamani! Juzi mbele yenu nilimsingizia Esnath. Nilikosea. Sikusema sirini, kwa hiyo sitatubu sirini. Aliyekata waya ni huyu. Baba Ikupa, waambie."

Andendekisye alisimama. Safari hii hakukohoa. "Ni mimi. Nilitaka kukata wa ladi, nikakata wa ledio."

Ezron alitazama mchanga. Watu walianza kuguna, kisha mtu mmoja akauliza kilichokuwa akilini mwa wote: "Kwa hiyo wa ladi bado upo?"

"Upo," alisema Evarista. "Umekuwepo siku zote hizi."

Wote walitazama juu, kileleni, na waliokuwa karibu na maji wakarudi hatua. Mawingu yalikuwa yanashuka kutoka milima ya Livingstone kama kila siku. Hakuna kilichotokea. Esnath ndiye aliyesogea. Alibeba chungu kwa mikono yake iliyofungwa, akaingia majini, akakiweka ndani ya mashua, akarudi kuchukua kingine.

"Unganisheni hiyo ledio," alisema. "Mkwe wangu naye yuko Ilondo, ana mimba." Halafu akamtazama Evarista usoni. "Ila kwa ng'ombe wangu sijakusamehe. Hilo ulijue."

"Nimelijua," Evarista alisema.

Esnath akapanda, akakaa kwenye ncha ya nyuma, mbali na mlingoti kadiri mashua ilivyoruhusu.

Didas aliwaelekeza kwa simu Evarista na mmoja wa mabaharia, yule wa mgongo, ambaye mgongo ulikuwa umepona. Walipounganisha, Evarista alichukua kipaza sauti cha redio, akampa mumewe. Mume alisita. Evarista akampa tena.

"Ilondo, Ilondo," Andendekisye aliita. "Hapa Ndaga."

Mashine ikavuma. Kisha ikaja sauti ya mwanamume, mlinzi wa zahanati, kubwa na safi, kila mtu aliyekuwa karibu akaisikia.

"Ndaga! Hapa Ilondo, tunawasikia vizuri kabisa. Jamani, tumewaita mpaka tukachoka. Mlikuwa wapi?"

Kidole chake kilikuwa kwenye kitufe. Mkewe alikuwa anamtazama, Esnath alikuwa anamtazama, ufukwe mzima ulikuwa unamsubiri. Akakibonyeza.

"Nilikuwa hapa hapa," alisema.